Kamera huharibikia mlangoni: kupiga picha Svalbard

Ukitoa soda kwenye friji ukaiweka mezani Mombasa au Dar es Salaam, haziishi dakika mbili chupa imeshatoka jasho. Kamera iliyoshinda nje kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, kisha ikaingizwa kwenye chumba chenye hita, ni soda ile ile, ila hii ina bodi za umeme, mota za lenzi na sensa ndani yake. Watu wanaojiandaa kwenda Aktiki huuliza kama kamera yao itahimili baridi. Nyingi huhimili, ingawa vitabu vyake vya maelekezo huandika nyuzi 0 hadi 40 na chache huthubutu kuandika -10. Kinachoziua ni zile dakika kumi za kwanza baada ya mwenyewe kurudi ndani kunywa chai.

Nitazungumzia Svalbard, visiwa vya Norwei vilivyo kati ya latitudo 74 na 81 kaskazini. Mji wake mkuu, Longyearbyen, uko kwenye nyuzi 78, na unafikika kwa ndege ya kawaida ya abiria: kama saa tatu kutoka Oslo, au saa moja na nusu na kidogo kutoka Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwei. Sehemu nyingine zilizo kaskazini namna hiyo mara nyingi zinahitaji meli au ndege ndogo ya kukodi. Hapa unatua, unachukua basi, na usiku huo huo uko mlangoni mwa hoteli na kamera yako mkononi.

Kwa hiyo tuanze hapo mlangoni.

Hewa yoyote ina kiwango chake cha joto ambacho ikishuka chini yake, mvuke uliomo hugeuka maji. Kiite kiwango cha umande. Chumba chenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 30, ambao ni ukavu wa kupasua midomo, kiwango chake ni kama nyuzi 2. Kitu chochote chenye baridi zaidi ya hapo kinavuta maji kutoka hewani. Kamera ya -20 haianzi hata na umande, inaanza na sakitu: utando mweupe juu ya kioo, vifungo na kidirisha. Baadaye utando huo unayeyuka na kutiririka mpaka kwenye mlango wa kadi. Linganisha na Mombasa yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, ambako kiwango cha umande ni nyuzi 25. Ndiyo maana kamera iliyolala kwenye kiyoyozi cha nyuzi 20 huziba ukungu ukitoka nayo alfajiri kwenda Mji wa Kale. Mpiga picha wa pwani analijua tatizo hili vizuri kuliko Mzungu wa Oslo. Amezoea tu kukutana nalo akitoka, na huku atakutana nalo akiingia.

Utaratibu ni huu. Ukiwa bado nje, toa kadi na betri. Kadi ndiyo muhimu, kwa sababu hamu ya kutazama picha ndiyo inayowafanya watu wafungue mfuko kabla ya wakati. Tumbukiza kamera ndani ya mfuko usiopitisha hewa, ukamue hewa iliyobaki, uufunge kabisa, ndipo uingie. Mfuko utatoka jasho kwa nje, na kamera ndani itabaki kavu. Uweke sakafuni mbali na hita. Kamera ndogo yenye lenzi fupi inataka saa mbili. Lenzi ya 600 mm f/4, yenye kilo tatu za kioo na chuma, inaweza kutaka saa nne. Kipimo kizuri kuliko saa ni kiganja: shika mfuko, na kama bado unahisi ubaridi, uache.

Kuhusu mfuko wenyewe, usihangaike kutafuta rambo. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, na hata ungeipata ingepasuka, kwa sababu plastiki laini hukakamaa kwenye baridi kali. Nunua ule mfuko wa mabaharia na wapiga mbizi, wa kitambaa chenye mpira, unaokunjwa mdomo mara tatu na kubanwa kwa bizimu. Wa lita 20 unameza kamera yenye lenzi ya 100-400. Utakufaa tena kwenye mashua.

Kosa baya zaidi ni la mtu anayeingia, kamera inaloa, kisha anasikia kuna mwanga wa ajabu nje na kutoka nayo mbio. Maji yaliyoingia kwenye viungo yanaganda. Duara la fokasi linakataa kuzunguka, pazia la shata linang'ang'ania, na mara nyingine sakitu inajitengeneza katikati ya vioo vya ndani ambako hakuna kitambaa kinachofika. Dawa yake ni kuiruhusu kamera iwe baridi muda wote. Nyumba nyingi za huko zina ukumbi mdogo kati ya mlango wa nje na wa ndani, usio na hita. Acha begi hapo usiku kucha, betri na kadi uingie nazo chumbani. Kamera iliyozimwa, isiyo na betri, haidhuriki kwa kulala kwenye -15.

Kwenye ukumbi huo huo utakuta viatu vimepangwa. Longyearbyen ulikuwa mji wa wachimba makaa ya mawe, na desturi ya kuvua viatu ili vumbi la mkaa lisiingie ndani imebaki mpaka leo, hata kwenye hoteli kadhaa na makumbusho. Mtu wa kwetu haoni ajabu. Beba ndara au soksi nzito.

Betri

Ndani ya betri ya lithiamu umeme husafirishwa na kimiminika, na kimiminika hicho kikipoa kinakuwa kizito. Chaji haijapotea, imekwama. Betri inayokupa picha 600 Nairobi inaweza kukupa 200 au 300 kwenye -20, kisha kamera inazima huku alama ikionyesha nusu. Itoe, iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, na baada ya nusu saa itafanya kazi tena. Betri tatu zinazozungushwa hivi, moja ndani ya kamera na mbili kifuani, zinatosha siku nzima ya kazi. Ziweke mfuko usio na funguo wala sarafu, maana chuma kikigusa ncha zote mbili betri inachemka.

Usichaji betri iliyo chini ya nyuzi 0. Lithiamu badala ya kuingia kwenye grafiti, ile kaboni inayoipokea ndani ya betri, hujipaka juu yake kama chuma, uwezo unapungua moja kwa moja, na hatari ya moto inaongezeka. Hili linahusu pia pawabenki na simu. Ukiingia na betri za baridi, zipe saa moja chumbani kabla ya chaja.

Kwenye ndege betri zote za akiba na pawabenki ni za mkononi, si za mzigo wa chini. Mpaka saa-wati 100 hakuna ruhusa maalumu. Pawabenki ya mAh 20,000 ni kama saa-wati 74, kwa hiyo inapita. Funika ncha za kila betri kwa selotepu au kifuniko chake.

Vidole

Upepo haupozi kamera chini ya kiwango cha hewa, unaiharakisha tu kufika huko. Kwa ngozi ni habari nyingine. Kwenye -20 na upepo wa mita 10 kwa sekunde, ngozi iliyo wazi hupoteza joto kana kwamba iko kwenye -33. Kilomita 36 kwa saa ni mwendo wa kawaida kabisa wa pikipiki ya theluji, kwa hiyo hata siku tulivu abiria wa pikipiki anasafiri na upepo wake mwenyewe.

Vaa glavu mbili: nyembamba ya sufu inayoruhusu kubonyeza vifungo, na juu yake glavu kubwa ya mfuko, ile ambayo vidole vinne vinakaa pamoja, iliyofungwa kwa kamba mkononi ili ukiivua isipeperuke. Vua ya nje, piga picha kwa nusu dakika, rudisha. Usisubiri maumivu yaishe yenyewe. Yakiisha bila mkono kupata joto, hisia ndiyo imekufa. Tafiti zilizofanywa kwa wanajeshi wa Uingereza na Marekani zimeonyesha kwamba watu wenye asili ya Afrika huumizwa na baridi vidoleni na miguuni kwa urahisi zaidi kuliko wenzao Wazungu, hata wakiwa na mavazi yale yale. Vitabu vya huduma ya kwanza husema utafute doa jeupe kwenye ngozi. Kwenye ngozi nyeusi tafuta doa la kijivu, lililopauka kama majivu, linaloonekana gumu kama nta. Mwenzako akutazame pua, mashavu na masikio kila baada ya muda, nawe umtazame.

Mafuta ya mgando usiyategemee kama kinga. Hufanya ngozi ihisi ina joto ilhali halijaongezeka, na hiyo ni hatari kuliko kuhisi baridi.

Ndani vaa sufu, usivae pamba. Fulana ya pamba ikilowa jasho inabaki mbichi mgongoni, na mpiga picha ana tabia ya kupanda kilima kwa nguvu na kisha kusimama saa nzima. Panda ukiwa na baridi kidogo, koti zito livae ukifika juu. Viatu viwe namba moja zaidi ya kawaida. Soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana ni baridi kuliko soksi moja. Vile vipakiti vya kupasha mikono vina unga wa chuma unaopata kutu haraka, na kutu hiyo inahitaji hewa. Ukikizika ndani ya kiatu kilichobana, kinakufa. Kwenye glavu ya mfuko hufanya kazi vizuri.

Mwanga, na kalenda yake

Longyearbyen jua huzama mwishoni mwa Oktoba na halichomozi tena mpaka katikati ya Februari. Kwa sababu ya milima, mjini penyewe halionekani mpaka tarehe 8 Machi hivi, na wenyeji hulifanyia sherehe ya wiki nzima. Kuanzia tarehe 20 Aprili mpaka 23 Agosti halizami kabisa. Wengi husikia habari hiyo wakakimbilia Juni, wakidhani saa sita usiku watakuta mwanga wa dhahabu. Hesabu inakataa. Tarehe 21 Juni, saa sita usiku, jua lipo nyuzi 11 na nusu juu ya upeo. Hilo ni jua la saa moja kasoro asubuhi au saa kumi na moja na robo jioni kwetu: zuri, lakini bado jeupe. Katikati ya Agosti saa sita usiku linashuka mpaka nyuzi 2 hivi, na dhahabu hudumu saa kadhaa mfululizo, kuanzia kama saa tatu usiku mpaka saa tisa. Kama lengo ni mwanga na huna haja ya theluji ardhini, njoo wakati huo.

Kama lengo ni theluji, njoo Machi. Tarehe 20 Machi jua la adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 12, kwa hiyo mchana mzima vivuli ni virefu na vya bluu. Mizani nyeupe ya kamera (white balance) ikiwa otomatiki itaiosha bluu hiyo yote ikidhani ni kosa. Iweke mwenyewe kwenye 5200 hadi 5600 K na upige RAW, yaani faili ghafi.

Kamera pia haijui theluji. Kipimo chake cha mwanga kimefundishwa kwamba dunia kwa wastani ni kijivu, hivyo kikiona weupe mtupu kinaufanya kuwa kijivu, na theluji inatoka kama saruji. Bonyeza fidia ya mwangaza: anza na +1, siku ya mawingu nenda +1.7, kisha tazama histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha giza kushoto na weupe kulia. Mlima wa theluji kwenye mchoro huo usogee kulia bila kugusa ukuta. Dubu mweupe ana rangi ya malai, amekolea kuliko theluji inayomzunguka, kwa hiyo ukihifadhi theluji umemhifadhi na yeye. Usiamini kioo cha nyuma kwa macho tu. Kwenye baridi kali picha zake zinavuta mkia kama televisheni ya zamani, na mng'ao wa theluji unakufanya uone kila picha ni nyeusi.

Pumua pembeni. Pumzi moja kwenye kidirisha cha kutazamia inaganda papo hapo, na ukiikwangua kwa ukucha unakwangua kioo. Tumia brashi laini au puto la kupulizia, na puto hilo liwe limekaa nje na kamera. Likitoka chumbani linapuliza hewa yenye unyevu na kuongeza sakitu.

Tripodi ya alumini inauma mikono na kung'ang'ania ngozi yenye unyevu. Ya nyuzi za kaboni ni bora, na hata hiyo funga sponji la bomba kwenye miguu miwili ya juu. Kwenye theluji nene usiifungue mpaka mwisho kisha ukaikandamiza: theluji inaisukuma miguu nje na maungio yanapasuka. Ifungue nusu, izamishe, iache ijitanue yenyewe. Theluji ikiingia kwenye vifungio vya kuzungusha ikayeyuka ndani, kesho mguu hautatoka. Ikung'ute kabla ya kuikunja.

Aurora

Hapa kuna kitu ambacho matangazo ya utalii hayasemi wazi. Aurora, au taa za kaskazini, yale mapazia ya mwanga wa rangi angani usiku, hukaa kwenye duara linalozunguka ncha ya sumaku ya dunia, na usiku wa kawaida duara hilo hupita juu ya latitudo 65 hadi 70. Tromsø, iliyo kwenye 69.6, iko chini yake barabara. Longyearbyen kwa kawaida iko kaskazini mwa duara hilo, na aurora unaiona kusini, chini, nyuma ya milima. Mtu ambaye shida yake ni aurora peke yake atumie nauli yake Tromsø. Svalbard ina chake cha pekee: Desemba na Januari ni giza hata adhuhuri, kwa hiyo unaweza kuona aurora ya mchana, ile ya upande wa dunia unaotazama jua, ambayo karibu kwingine kote humezwa na mwanga wa siku. Mara nyingi ni nyekundu zaidi. Ndiyo moja ya sababu kituo cha uchunguzi wa aurora cha Kjell Henriksen kilijengwa kwenye kilima hapo, kikafunguliwa mwaka 2008.

Kijani cha aurora ni oksijeni iliyo kilomita 100 hadi 150 juu, ikitoa mwanga wa nanomita 557.7. Nyekundu ni oksijeni ile ile juu ya kilomita 200, nanomita 630. Mwanga wa kijani ni mstari mmoja mwembamba wa rangi, na hilo lina athari ambayo huwashangaza wengi: ukiacha kichujio cha UV mbele ya lenzi, mwanga unaruka kati ya kioo chake na lenzi, na katikati ya picha yanatokea maduara kama ya jiwe lililotupwa kisimani. Hayatoki kwa programu yoyote. Ondoa kichujio kabla hujaondoka hotelini, kwa sababu kwenye -20 uzi wake wa skrubu hukaza na vidole havina nguvu.

Lenzi pana, 14 hadi 24 mm, uwazi f/1.8 mpaka f/2.8, ISO 1600 hadi 3200. Aurora iliyotulia ivumilie sekunde 8 au 10. Ikianza kucheza shuka mpaka sekunde 1 au 2, la sivyo mapazia yake yanakuwa uji wa kijani. Zima kitulizaji cha mtikisiko ukiwa kwenye tripodi. Zima pia usafishaji wa kelele wa picha ndefu, ambao huifanya kamera ikae kimya muda mwingine sawa na uliopiga, na wewe unatazama onyesho likipita.

Fokasi ifanye kwa mkono. Ile alama ya ukomo (∞) kwenye lenzi si ya kuaminika, na baridi huisogeza zaidi. Washa kioo cha nyuma, kuza mara 10 kwenye nyota angavu, zungusha mpaka iwe nukta ndogo kabisa, kisha bana duara kwa utepe wa kitambaa. Rudia kila saa. Mkanda wa kupasha lenzi unaotumia USB, wa wati 5 hadi 7, ufunge karibu na kioo cha mbele na pawabenki ikae ndani ya koti. Kwa hesabu ya karatasi, pawabenki ile ya saa-wati 74 ingeendesha mkanda saa kumi. Panga kwa nusu yake. Waya wa plastiki ya kawaida hukakamaa kama kijiti na kukatika, tafuta wenye ganda la silikoni.

Dubu na hesabu ya lenzi

Tangu tarehe 1 Januari 2025 sheria ya Svalbard inakutaka ukae angalau mita 300 kutoka kwa dubu mweupe, na mita 500 kuanzia tarehe 1 Machi hadi 30 Juni. Ukijikuta karibu zaidi ya hapo, unatakiwa kurudi nyuma. Kumfuata, kumvutia kwa chakula au kumsumbua ilikuwa marufuku tangu zamani. Sasa chukua lenzi uliyo nayo ufanye hesabu kabla ya kulipa nauli.

Dubu aliyesimama ubavu ana kama mita 2.4. Kwenye mita 300, lenzi ya 600 mm itamchora kwenye sensa kwa urefu wa milimita 4.8. Sensa kamili (full frame) ina upana wa milimita 36, kwa hiyo dubu wako ni asilimia 13 ya picha: kama pikseli 800 kwenye kamera ya megapikseli 24, na 1,100 kwenye ya 45. Kwenye mita 500 anashuka mpaka milimita 2.9, pikseli 480 kwenye ile ya 24. Kizidishi cha lenzi cha 1.4 (teleconverter) kinakupa milimita 6.7 kwenye mita 300 na kukunyang'anya nusu ya mwanga. Lenzi ya 200 mm tuliyozoea kwa harusi inampa dubu pikseli 270 hivi, yaani doa lenye masikio.

Mimi naona sheria hii imewafanyia wapiga picha hisani bila kukusudia. Picha ya uso wa dubu uliojaa fremu inaweza kupigwa kwenye bustani ya wanyama ya mji wowote. Dubu anayeonekana mdogo mbele ya ukuta wa barafu wa mita 40 humpati kwingine. Ukikubali kwamba yeye ni sehemu ya mandhari, 100-400 inatosha na mgongo wako utashukuru.

Tatizo la mita 300 ambalo lenzi ya bei kubwa haitibu ni hewa. Bahari ina joto kuliko upepo unaotoka barafuni, hewa ya matabaka inachemka, na picha inatoka kama imepigwa kupitia moshi wa jiko. Faili zote mia zitakuwa laini na utailaumu fokasi. Piga mfululizo, maana katikati ya mtetemo huja nukta ya utulivu. Usipige kupitia dirisha la meli lililofunguliwa kutoka chumba chenye joto, wala karibu na bomba la kutolea hewa la meli. Lenzi nayo iwe imepoa kabisa: ikiwa bado na joto la chumbani, hewa iliyo ndani ya kofia yake ya mbele inachemka pia. Itoe nje nusu saa kabla.

Kwenye mashua ya mpira usilaze lenzi juu ya boya wala kuegemea reli ya meli, kwa sababu mtetemo wa injini unapanda moja kwa moja. Shika kwa mikono, viwiko kifuani, magoti yamelegea, shata isipungue 1/1000. Chumvi ikirukia, futa siku hiyo hiyo kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi na kukamuliwa, kisha kikavu.

Nje ya makazi lazima kundi liwe na vifaa vya kumtishia dubu, na kwa kawaida kiongozi hubeba bunduki pamoja na bastola ya fataki. Mgeni asiye na uzoefu wa silaha aende na kiongozi, basi. Droni hairuhusiwi ndani ya kilomita 5 za uwanja wa ndege, na mji wote wa Longyearbyen uko ndani ya duara hilo. Iache nyumbani.

Viza

Svalbard haitaki viza kwa mtu wa taifa lolote, kutokana na mkataba wa mwaka 1920. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda asifurahi mapema: njia inapita Norwei, na Norwei inataka viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Zaidi ya hapo, Svalbard iko nje ya Schengen. Ukipanda ndege ya kwenda Longyearbyen umetoka, ukirudi Oslo unaingia upya. Viza ya kuingia mara moja itakufikisha na kukuacha huko. Omba ya kuingia mara mbili au zaidi, na kwenye barua ya maombi andika safari ya Svalbard wazi pamoja na tarehe za ndege zote mbili.

Buabua

Wa Juni na Julai wakumbuke kitu kimoja zaidi. Buabua wa Aktiki, ndege mwembamba mwenye kofia nyeusi na mdomo mwekundu, hutaga ardhini, hata kando ya barabara mjini. Ndiye anayesafiri kila mwaka mpaka bahari za Antaktiki na kurudi, na akifika hana subira na mtu. Anashuka kwa kasi na kudona sehemu ya juu kabisa ya mwili wako mpaka damu itoke. Inua tripodi iliyokunjwa juu ya kichwa, ataidona hiyo. Piga kwa 70-200, shata 1/3200, fokasi endelevu, fidia +1 kwa anga jeupe. Picha tano au sita, kisha ondoka ulikotokea, ukitazama unapokanyaga. Wakati anapigana na tripodi yako, mayai yake yako wazi kwenye hewa ya nyuzi 5.